Kwa Nini Ngozi Iliyochomwa na Jua Hubambuka, na Hupona Vipi?

Swali la msomaji: "Daktari, nilishinda kutwa nzima majini bila shati, pasipo kivuli chochote. Jioni mabega yalikuwa ya moto, na usiku sikuweza kulalia mgongo. Siku ya nne maumivu yalipungua, lakini ngozi ikaanza kubambuka vipande vipande, na chini yake naona ngozi nyingine laini yenye rangi tofauti. Mimi ni mtu mweusi na siku zote niliamini kwamba jua halituchomi. Kwa nini ngozi inatoka wakati maumivu yanakwisha? Niivute imalizike au niiache? Na ikishatoka yote, je, madhara ya jua nayo yatakuwa yametoka?"

Ndugu msomaji,

Nianze na jibu fupi, kisha nilifafanue. Ngozi inayokutoka ni seli zilizokwisha kufa, na nyingi kati ya seli hizo hazikuuawa na jua papo hapo. Zilijiua zenyewe, kwa utaratibu maalumu uliomo ndani ya kila seli, baada ya kutambua kwamba maelekezo yake ya urithi yameharibika kupita kiasi cha kutengenezeka. Ngozi hiyo inatoka wakati maumivu yanakwisha kwa sababu tabaka la kuchukua nafasi yake limekwisha kujengwa chini yake. Usiivute. Ama swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, jibu lake ni hapana: madhara mengi yametoka pamoja na ngozi hiyo, lakini si yote. Sasa naomba unisikilize kwa kirefu, kwa maana mtu akielewa kinachoendelea chini ya ngozi yake hahitaji kukumbushwa mara mbili asiivute.

Kwanza tuondoe dhana moja. Tunasema jua "limechoma," na neno hilo linatufanya tufikirie joto, kana kwamba bega limeungua kama mkono ulioshika sufuria. Sivyo. Kinachounguza ni mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi inapoingia. Mionzi hiyo iligunduliwa mwaka 1801 na Johann Ritter, mwanasayansi wa Ujerumani, alipoona kwamba kemikali ya fedha inayogeuka kuwa nyeusi kwenye mwanga iligeuka upesi zaidi pale palipo nje ya ukingo wa rangi ya urujuani, mahali ambapo macho hayaoni mwanga wowote. Mionzi inayotufikia ardhini ni ya aina mbili: UVA, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 315 hadi 400, na UVB, wa nanomita 280 hadi 315. UVB ni kidogo kwa wingi, lakini ina nguvu zaidi na ndiyo mchomaji mkuu. Kwa kuwa joto si chanzo, mtu anaweza kuungua vibaya siku ya baridi yenye upepo, au siku ya mawingu mepesi, ambayo huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Majini hali huwa mbaya zaidi, na nadhani hapo ndipo uliponaswa: maji yalikupoza, ukajiona uko salama, ilhali hata nusu mita chini ya uso wa maji nguvu ya mionzi bado hubaki takribani asilimia 40 ya ile iliyo juu. Mabega yako yaliyokuwa nje ya maji yaliipata yote.

Ili kuelewa kubambuka, ni lazima tujue ngozi imejengwaje. Tabaka lake la juu ni jembamba mno, katika sehemu nyingi za mwili takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, na chini yake lipo tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva, vinyweleo na nyuzi za kolajeni. Sakafu ya lile tabaka la juu ni safu ya seli hai zinazogawanyika daima. Kila seli mpya inapozaliwa pale chini huanza safari ya kupanda: njiani hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hubapa, hupoteza kiini chake, na inapofika juu huwa imekufa, ikawa kama kigae kimojawapo katika paa lenye tabaka 15 hadi 20 za vigae. Safari hiyo huchukua takribani wiki nne kwa kijana, na zaidi kwa mzee. Vigae hivyo hushikamana kwa vifungo vya protini, na huko juu kabisa vimeng'enya vya ngozi huvikata vifungo hivyo kimoja kimoja, seli zikadondoka moja moja au kwa vikundi vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo ngozi yako imekuwa ikibambuka kila siku tangu ulipozaliwa, nawe hukuiona. Ulichokiona siku ya nne ni kazi ileile, ila imefanyika kwa haraka na kwa wingi kiasi kwamba vigae vimetoka vikiwa bado vimeshikana.

Sasa turudi kwenye ile siku ya majini. UVB inapoingia katika seli hai za ngozi, humezwa moja kwa moja na DNA, ule uzi mrefu wenye maelekezo ya kila kitu ambacho seli inapaswa kufanya. DNA imeandikwa kwa herufi nne za kikemikali, mojawapo ikiwa timini, na pale ambapo timini mbili zimekaa jirani, nishati ya mionzi huweza kuzigandisha pamoja. Uzi hupinda mahali hapo, na mashine za seli zinazosoma au kunakili uzi huo hukwama au hukosea. UVA nayo hufanya uharibifu kwa njia ya mzunguko, kwa kuzalisha aina za oksijeni zenye ukali ambazo hushambulia DNA, mafuta na protini za seli. Saa moja ya jua kali la mchana huacha majeraha mengi ya namna hii katika kila seli iliyofikiwa, kabla mwenye ngozi hajahisi chochote.

Mwili hauachi hivihivi. Upo mfumo wa protini unaopita kwenye uzi, unatafuta mahali palipopinda, unakata kipande chenye kasoro na kukiandika upya kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima. Aziz Sancar, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2015, aliipata kwa kuchora hatua za kazi hiyo. Umuhimu wake ulikuwa umeonekana tangu mwaka 1968, mwanasayansi James Cleaver alipoonyesha kwamba seli za watu wenye ugonjwa wa kurithi uitwao zeroderma pigmentosamu hushindwa kufanya matengenezo haya. Watu hao huweza kuungua kwa dakika chache tu za jua, na saratani za ngozi huwaanza wakiwa bado watoto. Sisi wengine tunatengenezwa kila siku, kimyakimya, na wala hatujui.

Lakini matengenezo yana kikomo. Majeraha yakizidi, seli hufikia uamuzi ambao kila nikiueleza bado unanistaajabisha. Protini moja iitwayo p53 hujikusanya ndani ya seli iliyojeruhiwa, kwanza inasimamisha mgawanyiko ili fundi apate muda wa kufanya kazi, na ikiwa kazi haiwezekani, inawasha utaratibu wa seli kujiua. Seli husinyaa, kiini chake hujikunja na kukatika, na hufa bila kumwaga sumu zake juu ya majirani. Mtaalamu akichukua kipande cha ngozi iliyochomwa na jua na kukitazama kwa hadubini, huziona seli hizo zikiwa zimetawanyika katika tabaka la juu, na huwa nyingi zaidi kati ya saa 24 na 48 baada ya jua. Mwaka 1994 watafiti Annemarie Ziegler, Douglas Brash na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba ngozi isiyo na p53 inayofanya kazi ilipata seli chache sana za kufa namna hiyo baada ya mionzi. Hiyo haikuwa habari njema kwa panya hao. Ilimaanisha kwamba seli zilizoharibika zilibaki hai na kuendelea kugawanyika. Kwa hiyo vile vipande vinavyokutoka ni seli ambazo zingekuwa hatari kama zingebaki, na nakuomba uvitazame hivyo, wala usivione kuwa uchafu wa kung'olewa haraka.

Maumivu na joto ulilolihisi jioni ni jambo jingine, ingawa chanzo ni kilekile. Seli zilizojeruhiwa hupiga mbiu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba vipande vya RNA, molekuli iliyo ndugu ya DNA, vilivyovunjwa na UVB hutoka kwenye seli zilizoharibika na kutambuliwa na seli nzima za jirani, nazo huanza kutoa kemikali za mchochota, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha. Kemikali hizo, pamoja na prostaglandini na naitriki oksaidi, hupanua mishipa midogo ya damu, hivyo ngozi huwa na joto, huvimba kidogo na kuwa nyekundu. Tena huzifanya neva ziwe nyepesi kuamka, na ndiyo maana hata shuka ilikuumiza. Yote haya huchukua muda kujengeka. Wekundu huanza saa tatu hadi tano baada ya jua, hufikia kilele kati ya saa 12 na 24, kisha hupungua katika siku ya pili na ya tatu. Ucheleweshaji huu ndio unaowaponza watu: ukisubiri kuhisi umeungua ndipo utafute kivuli, umechelewa kwa saa kadhaa.

Wakati mchochota unapungua, kazi nyingine imekwisha kuanza pale sakafuni. Seli za chini zilizosalimika, ambazo kwa siku ya kwanza zilikuwa zimesimama, huanza kugawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida, na kwa siku kadhaa tabaka lote la juu huwa nene kuliko lilivyokuwa. Seli hizo mpya hupanda kwa haraka mno hivi kwamba baadhi hufika juu zikiwa bado na mabaki ya viini vyake, hazijakomaa kama kigae kinavyopaswa kukomaa. Juu yao lipo pazia la seli zilizokufa kwa pamoja na vigae vya zamani, pazia ambalo halina tena uhai wa kuliunganisha na kilicho chini. Hukauka, husinyaa kuliko ngozi iliyo chini yake, hupasuka mahali panapojikunja sana, na kingo zake huinuka. Vile vimeng'enya vinavyokata vifungo kimoja kimoja havikupata muda wala unyevu wa kutosha kuifanya kazi yao kwa utaratibu. Ndiyo sababu ngozi hutoka kama karatasi badala ya vumbi. Hayo kwa kawaida huanza siku ya tatu hadi ya nane, na wewe siku yako ya nne imeangukia humo kabisa. Mabega, pua na paji la uso hutangulia kwa sababu ndizo sehemu zinazopokea jua la utosini. Viganja na nyayo, zenye vigae vingi zaidi, hubambuka kwa nadra.

Sasa utaona kwa nini maumivu na kubambuka havikuja pamoja. Maumivu ni ya kipindi cha mbiu, kubambuka ni kwa kipindi cha makabidhiano, wakati tabaka jipya limeshika zamu na la zamani linaachiliwa. Iwapo kuungua kungekuwa kumezama zaidi, ungeona malengelenge, yaani maji yaliyojikusanya pale tabaka la juu lilipoachana na la chini. Lengelenge ni bandeji iliyotengenezwa na mwili wenyewe. Likiachwa bila kutoboliwa, ngozi hujijenga chini yake ikiwa salama, ikisaidiwa na seli zilizojificha ndani ya vinyweleo, na hupona kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida bila kovu.

Kuhusu watu weusi, dhana uliyokuwa nayo ni ya wengi, na imewagharimu. Melanini, rangi ya ngozi zetu, hutengenezwa na seli maalumu zilizo sakafuni, kisha hugawiwa seli za jirani kwa vifuko vidogo ambavyo hupangwa juu ya kiini mithili ya mwavuli. Katika ngozi nyeusi vifuko hivyo ni vikubwa, vimejaa, na havimeng'enywi upesi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilitoa kinga ya wastani wa takribani 13, yaani huhitajika mionzi mara 13 zaidi ili kuungua kuliko pasipo kinga, na la ngozi nyeupe takribani 3. Kinga ya 13 ni kubwa, lakini ina mwisho, na kutwa nzima majini huimaliza. Tatizo jingine ni kwamba wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, hivyo mtu huambiwa hajaungua kwa kuwa tu jicho la mtazamaji halioni. Kwetu sisi dalili za kutafuta ni joto, mkazo wa ngozi, maumivu ya kuguswa, uvimbe kidogo, na baadaye mwasho na kubambuka kama kwako. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi zao hazina melanini au zina kidogo sana, mwavuli huo haupo, na kila ninachokisema hapa kuhusu kujikinga kinawahusu kwa uzito mara nyingi zaidi.

Nije kwenye swali lako la kuvuta. Ukingo ulioinuka unaonekana umekufa, na umekufa kweli, lakini ukiufuata kwa kidole utafika mahali ambapo pazia bado limeshikana na seli hai zisizokomaa. Ukivuta, unazing'oa hizo. Utaona unyevu au tone la damu, utahisi mchomo, na pale ulipopaona panapona utakuwa umefungua mlango kwa bakteria. Zaidi ya hapo, kwa ngozi nyeusi kila jeraha dogo huamsha seli za rangi, na doa jeusi litakaloachwa na kuvuta kwa dakika mbili laweza kukaa kwa miezi. Kipande kinachoning'inia na kukwama kwenye nguo kikate kwa mkasi safi karibu na mahali kiliposhikia, kisha ukiache. Usisugue kwa dodoki, wala kwa jiwe, wala kwa krimu zenye chembechembe.

Kinachosaidia ni kidogo na ni rahisi. Oga maji ya baridi kiasi au weka kitambaa kilicholowa kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, kisha ukiwa bado na unyevunyevu paka losheni isiyo na manukato, au jeli ya mshubiri ikiwa ngozi yako inaipenda. Katika siku mbili za mwanzo, ngozi ikiwa ya moto, mafuta mazito ya mgando hayapendekezwi kwa kuwa huzuia joto kutoka. Katika hatua uliyofikia sasa, ya ukavu na magamba, hayana ubaya na husaidia sana kutunza unyevu. Vaa nguo pana za pamba, kunywa maji ya kutosha. Ibuprofeni hupunguza prostaglandini na hivyo husaidia zaidi ikinywewa mapema, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Parasetamoli hupunguza maumivu tu. Aspirini asipewe mtoto. Krimu za kutia ganzi zenye benzokaini ziepukwe kwa sababu huweza kuleta mzio juu ya ngozi ambayo tayari imeudhika. Mwasho wa kipindi cha kubambuka hutulizwa na ubaridi na losheni kuliko na kucha. Dawa ya meno, siagi na ndimu visikaribie ngozi hiyo kabisa. Ndimu kwa namna ya pekee, kwa kuwa maji yake yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza upya na kuacha alama nyeusi.

Hali yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya kutunzwa nyumbani. Ila umwone mhudumu wa afya bila kusubiri iwapo malengelenge yameenea sehemu kubwa ya mwili, au kuna homa, kutetemeka, kutapika, kizunguzungu au kuchanganyikiwa. Iwapo panatoka usaha, au wekundu na joto vinazidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Iwapo macho yanauma na hayastahimili mwanga. Na mtoto mchanga aliyeungua na jua apelekwe hata kama anaonekana mchangamfu. Jiulize pia kama unatumia dawa yoyote. Doksisaiklini, kotrimoksazoli na baadhi ya dawa za shinikizo la damu za kuongeza mkojo, kama haidroklorotayazaidi, huifanya ngozi iungue kwa jua ambalo siku nyingine lisingeidhuru. Usiache dawa kwa sababu ya maneno yangu, mwambie aliyekuandikia.

Sasa swali la tatu. Ulitamani, na ni matamanio ya haki, kwamba ngozi ikishatoka yote deni litakuwa limelipwa. Seli zilizojiua zimeondoka na madhara yake, hilo ni kweli. Zilizobaki sakafuni, zile zinazozaa kizazi chote kinachofuata, zilipigwa na mionzi ileile, zikajitengeneza na kuendelea. Matengenezo mengi huwa sahihi. Machache hukosewa, na kosa lililonakiliwa halitambuliki tena kuwa kosa, linakuwa sehemu ya maandishi. Baya zaidi ni kosa likitokea ndani ya jeni ya p53 yenyewe. Seli ya namna hiyo imepoteza uwezo wa kujiua. Siku nyingine ya jua kali majirani wake wazima watajiua kwa wajibu, na yeye atabaki na kujitanua katika nafasi walizoziacha. Hivyo kuungua kunakorudiwa huwapa nafasi wasiostahili kubaki. Utafiti mkubwa wa wauguzi wanawake wa Marekani, wengi wao weupe, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba waliopata malengelenge ya jua mara tano au zaidi wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 20 walikuwa na hatari ya melanoma, saratani kali ya seli za rangi, iliyozidi kwa asilimia 80 ile ya wasiopata. Madhara yenyewe hayakomi hata mtu anapoingia kivulini: mwaka 2015 kundi la Brash lilionyesha kwamba katika seli za rangi timini nyingine huendelea kugandana kwa zaidi ya saa tatu baada ya mionzi kukoma.

Sisemi haya kukutisha. Saratani za ngozi zinazotokana na jua ni nadra kwa watu weusi, na melanoma inayotupata huanza mara nyingi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua si mshukiwa mkuu. Kuungua mara moja hakukuandikii ugonjwa. Nasema tu kwamba hesabu ya jua ni ya kujumlisha, na kubambuka hakuifuti.

Kwa hiyo jambo la kushughulikia sasa ni hiyo ngozi laini uliyoiona chini. Paa lake la vigae bado ni jembamba na halijakomaa, maji hupotea kupitia humo kwa urahisi, na itaungua upesi kuliko ngozi iliyo pembeni yake. Kwa wiki kadhaa ifunike kwa nguo iliyofumwa kwa kubana. Nguo ni kinga bora kuliko krimu yoyote, nayo haihitaji kupakwa upya. Pale pasipofunikika, ngozi ikishafunga na kuacha kuchonyota, paka krimu ya kujikinga na jua yenye kinga ya 30, ambayo huzuia takribani asilimia 97 ya UVB iwapo imepakwa kwa wingi wa kutosha, na uirudie kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Watu wengi hupaka kidogo mno, hivyo kinga halisi wanayoipata huwa pungufu sana kuliko iliyoandikwa kwenye kopo. Kipimo rahisi cha ukali wa jua ni kivuli chako mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi iko katika saa zake kali.

Rangi usiihangaikie. Ngozi mpya huonekana nyepesi au yenye wekundu kwa sababu melanini bado haijasambazwa humo sawasawa, na huweza pia kupitia kipindi cha kuwa nyeusi kuliko jirani zake, kwa kuwa mchochota uliziamsha seli za rangi kupita kiasi. Krimu za kuchubua rangi zisitumike kuisawazisha. Nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na zitaondoa kinga ileile ambayo mabega yako yanajaribu kuijenga upya. Kubambuka kwako kunapaswa kumalizika ndani ya wiki moja hivi. Alama za rangi zitafuata mwendo wa polepole zaidi, wiki kadhaa hadi miezi, na zitaondoka kwa njia ileile iliyoondoa vile vipande: seli zikipanda kutoka sakafuni moja baada ya nyingine, na kudondoka bila wewe kuziona.